Jiko la Mkono Mmoja

Mgeni alikuwa ameuficha mkono wa kulia mgongoni, na kwa ule wa kushoto peke yake alijaribu kuwasha jiko la kopo.

"Mkono una nini, dada?" Osinya akamuuliza.

"Yangu haina kitu, fundi. Najaribu tu. Mwenye atapika anatumia mkono moja."

Osinya akamsogezea kijiti kikavu. Alikuwa fundi wa mabati hapo Busia, upande wa Uganda, na majiko yake mepesi ya kuni yalijulikana hata kwa watalii wanaoupanda mwamba wa Tororo na mabegi yao mgongoni. Lakini wiki tatu sasa hakuwa na moyo wa kazi. Mkewe, Anjeline, alitoweka Jumapili moja jioni, akaacha mlango wazi na viatu kizingitini. Osinya alimtafuta kijiji cha Mella, akamtafuta kijiji cha Mwello, akaonyesha picha yake kwa kila bodaboda. Kanisani walimwombea. Kula alikuwa hali, na usingizi aliusikia kwa wenzake tu. Mtafutaji hachoki, alijiambia kila asubuhi, na akichoka keshapata.

Mgeni huyu, Resty kwa jina, alitaka jiko la safari ya miguu. Siku nne njiani, kila siku kulala mahali pengine. Liwe jepesi, liingie kwenye begi, na zaidi ya yote moshi wake usionekane kwa mbali.

"Mnabeba magendo?" Osinya akamtania.

Resty akatupa jicho barabarani.

"Dada!" Dorcas, muuza uji wa kibanda cha pili, akapaza sauti. "Jiko nzuri iko Kenya! Wewe vuka tu!"

Osinya alimkata jicho. Tangu Anjeline apotee, mwanamke huyu hakuwahi hata kumpa pole, na sasa anamfukuzia wateja. Jirani wa namna hiyo ni wa kazi gani?

"Hata mimi niliambiwa nivuke, nisinunue upande hii," Resty akasema. "Lakini mpakani watu wamejaa, na mimi niko na haraka."

Basi Osinya akayapanga majiko matatu chini, na juu ya kila moja kikombe cha maji.

La kwanza lilikuwa kopo la maziwa ya unga lenye miguu ya misumari. Uzito wake ulikuwa kama hakuna, na maji yalichemka upesi, lakini moshi ulimtoa Resty machozi. La pili lilikuwa la vibati vinavyokunjwa vikalala kama daftari. Kwa mkono mmoja likamwangukia mara mbili, maji yakamwagika. La tatu lilikuwa kopo ndani ya kopo, na mdomo ubavuni wa kusukumia vijiti. Lilizidi mengine uzito kidogo, ila likishapata moto liliumeza moshi wake lenyewe, na lilisimama imara bila kushikwa.

Lilipopoa, Resty akapitisha vidole kati ya makopo mawili.

"Vidole mbili," akasema, ameridhika. "Ikiwa moja, moto inakosa pumzi. Ikiwa tatu, inalewa."

Osinya akamkazia macho. Maneno yale yalikuwa yake mwenyewe. Aliyatunga yeye, na alimfundisha mtu mmoja tu duniani, yule aliyemshikia bati miaka kumi na mmoja huku yeye akilikata. Alimtafuta Anjeline wilaya nzima, kumbe habari zake zimejileta zenyewe na kuchutama mlangoni pake!

Angeweza kumkamata mwanamke huyu pale pale. Angeweza kuita polisi, maana kituo hakikuwa mbali. Hakuita. Polisi huuliza maswali mengi.

"Huko mliko mnatumia kuni gani?" akauliza taratibu, kama fundi yeyote. "Jiko ni kuni."

"Misonobari. Matawi yenye imeanguka."

"Hiyo ina utomvu mwingi. Muianike siku mbili kwanza."

"Siku mbili hatuna, fundi. Kesho alfajiri tunaondoka."

Misonobari. Pande zote zile palikuwa na shamba moja tu la misonobari, nyuma ya machimbo ya mawe ya zamani, kule Mukuju.

Osinya akachukua tupa, akalainisha ukingo wa jiko pole pole ili usije ukamkata mtu. Akalifunga vizuri kwenye gazeti na kulikabidhi kwa mikono miwili.

"Mwambie mwenzako asiiguse ikiwa moto."

Kwa mara ya kwanza Resty akatabasamu. "Una roho safi, fundi. Mungu akubariki."

Akapanda bodaboda. Dorcas aliuacha uji ukifurika, akatoka mbio kumfuata huku akiita na kupunga mwiko, lakini bodaboda ilikwisha kupotea kati ya malori.

Osinya alianza kufunga duka, na saa sita ya mchana ilikuwa haijagonga. Furaha aliyoikosa wiki tatu ilimjaa kifuani hata akajikuta anaimba pambio la kanisani. Maombi yalikuwa yamejibiwa. Kabla jua halijazama angekuwa na mkewe.

Akarudi ndani kuchukua kitu kimoja cha safari. Nyundo ndogo ya kunyooshea bati aliiacha mezani. Akaiangua ile kubwa kutoka msumarini, ambayo hakuwa ameigusa tena tangu Jumapili ile alipomvunja Anjeline mkono.