Mihogo ya Vasiti

Vasiti alirudi kutoka kwa bintiye akakuta mihogo yake yote, chakula cha nusu mwaka, imekatwa ikabaki kimo cha goti. Anga lilikuwa safi. Alimshuku mtu mmoja tu: jirani waliyegombania naye mpaka wa mashamba.

Alimkuta jirani huyo kwenye shamba lake mwenyewe, ametota jasho, panga mkononi.

"Mzee mzima, unamwonea mjane, unamkatia mihogo!"

"Bibi wee, redio huna? Kesho alfajiri kimbunga. Muhogo usio na majani, upepo utaushika wapi?"

"Na vijiti vya mbegu umeviiba?"

"Viko uvunguni kwako. Funga mdomo, kisha ufunge madirisha."

Hakumwamini. Akakitazama kiganja cha jirani: malengelenge yamepasuka. Nyuma yake, mihogo ya jirani mwenyewe ilisimama yote, mirefu, majani yakianza kutikisika.

"Lete panga," akasema Vasiti.