Puli ya Nne

“Toa hii pia,” Salesio alisema, akiondoa kiganja chake juu ya injini. “Bado inatetema.”

Kiogora alizima gari lake, akashuka. Hiyo ilikuwa puli ya tatu tangu Jumatatu, na Jumapili alitakiwa Ruiri kwenye mashindano ya magari. Injini ilikuwa imeundwa upya yote, pistoni kubwa, kabureta mbili, kila kitu. Kilichobaki ni hiyo puli tu ya mbele ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni; puli nzito yenye mpira ndani wa kumeza mtetemo. Ukikosea kuichagua, injini ikipanda mbio krenki hukatika vipande viwili, na dereva amwombe Mungu wake.

Ya kwanza ilikuwa ya alumini, nyepesi, na Salesio aliikataa siku hiyohiyo. Ya pili, kuukuu, aliifuata mwenyewe kwa Njeru, muuza spea kule Embu, akarudi nayo ameipakata njia nzima. Ya tatu ilikuwa mpya, bado iko kwenye karatasi yake. Zote zilitetema.

Salesio hakuwa na mitambo ya kupimia, wala hakuitaka. Kwa miaka thelathini na mmoja hapo Makutano, mjini Meru, aliweka kiganja juu ya injini, akafumba macho, akataja ugonjwa. Mafundi wenye vyeti walimletea magari yaliyowashinda, wakasimama pembeni wakinywa soda kwa aibu. Mkono huo ndio uliosomesha watoto wake wote watano.

Sasa alikuwa amechoka, jamani. Amechoka hoi. Asubuhi hiyo nati tatu zilimponyoka zikapotelea mchangani, akailaumu grisi. Benki nayo ilikuwa imemrudishia fomu mara mbili eti sahihi haifanani, akasema makarani wa siku hizi ni vipofu. Hata mkewe, Marcella, alikuwa ameanza ubahili wa uzeeni: chai alimtilia nusu kikombe tu, wiki baada ya wiki, na maziwa wanakamua wenyewe.

Kiogora alimwambia kwa heshima kwamba yeye, akiwa kwenye kiti, hasikii mtetemo wowote. Salesio akamjibu kwamba injini haipimwi kwa makalio. Kiogora akasema lile alilokuwa amelimeza tangu jana.

“Fundi, hii ya nne ikikataa, nitapeleka gari Nairobi.”

Gari likienda Nairobi, habari ingefika Embu kabla ya jua kutua, na hakuna ambaye angemletea Salesio injini tena. Wakaifunga ya nne polepole, bolti kwa bolti. Kiogora akawasha. Salesio akaweka kiganja, akafumba macho.

Mtetemo ulikuwepo, uleule, mdogo na mkaidi. Alitamani kukaa chini palepale kwenye oili na asiinuke tena.

Marcella akaingia na chai. Alimtazama mumewe kwa muda, kisha akakitua kikombe juu ya injini inayonguruma.

“Mama Karambu, toa hicho kitu. Kitamwagika.”

“Ngoja kwanza, Baba Karambu,” alisema kwa upole, akamwashiria Kiogora akanyage mafuta.

Injini ikapanda mbio hadi mabati ya gereji yakalia. Leo kikombe kilikuwa kimejaa pomoni, hadi ukingoni, na utandu wa maziwa juu yake haukukunjika hata kidogo.

Salesio akanyoosha mkono, akakichukua. Chai ikammwagikia hadi kiwikoni, na Marcella alikuwa tayari ameshika kitambaa.