Cheti cha Mguu

Kwa mara ya sita, koplo mstaafu Nyamhanga alifika kwenye dirisha la mafao ya askari walioumia vitani. Karani hakuinua hata uso.

"Cheti chako cha daktari kimepitwa na wakati, mzee. Lete kipya kinachothibitisha kwamba bado huna mguu."

"Ulikatwa, binti. Hautaota tena."

"Utaratibu ndio huo. Anayefuata!"

Nyamhanga alilegeza mikanda, akauvua mguu wake wa bandia na kuulaza dirishani, juu ya faili.

"Ondoa uchafu wako hapa!" karani alifoka.

"Andika kwanza ulichokiona."

Karani alilishusha dirisha kwa hasira. Likagota kwenye mguu, likakwama. Nyamhanga akashika ukingo wa kaunta, akabaki amesimama, akimtazama kupitia uwazi ule mwembamba.