Amri kwa Kihispania

"Hilo neno bado halina nguvu," Lila alisema. "Tafuta lingine."

Haika alilifuta tena. Kihispania alijifunza Havana, alikokwenda kusomea udaktari ambao hakuumaliza. Sasa aliishi kwa kutafsiri amri za mahakama, katika chumba kidogo juu ya duka la vitambaa, mtaa wa Thornton Heath. Wateja wengi huacha karatasi zao wakaondoka. Huyu hakutoka tangu asubuhi, na koti hakulivua.

Amri ilimkataza mume wa Lila kumbughudhi. Kwa Kiingereza waliandika *molest*. Kihispania kina *molestar*, pacha wake kwa sura, lakini hilo ni jepesi mno. Ndilo mama analotumia kumwambia mtoto asisumbue wageni.

"Andika asinitese," Lila alisema. "Asinitishe. Asinikaribie."

Haika akaandika. "Alipopewa ile ya Kiingereza hakuielewa?"

"Kiingereza hakukijua hata kidogo. Aliikunja, akacheka."

"Na bado anakuja?"

"Kila usiku. Namsikia akipanda ngazi. Kikohozi chake nakijua. Halafu anasimama pale mlangoni, kimya, mpaka kunakucha."

"Polisi umewaita?"

"Walikuja, wakakuta ngazi tupu. Siku hizi wananiambia nikamwone daktari."

Haika alipandwa na hasira. Aliwajua wanaume wa namna hiyo, wanaoyeyuka askari wakikata kona. Alichapisha tafsiri, akaisoma kwa sauti, taratibu. Lila alifumba macho, midomo ikifuatisha kila neno, kama mtu anayejifunza sala.

"Hapo ataelewa," alinong'ona.

"Lakini usimpelekee mwenyewe, dada. Ni hatari. Kuna watu wa kazi hiyo, watamkabidhi mkononi."

"Nimewaomba. Wamekataa."

Haika alimtazama yule mama, akashindwa kumwacha aende peke yake. Akachukua funguo na mwavuli.

"Basi tutakwenda wote. Nitasimama karibu nawe, na akileta fujo nitapiga simu. Anakaa wapi?"

Lila aliitia karatasi ndani ya koti, akafunga vifungo hadi shingoni.

"Makaburini, Mitcham Road," alisema. "Tulimzika Februari. Twende upesi, kabla hawajafunga lango."