Mdudu wa Bibi Ida

"Mwanangu, hebu nimwone huyo mdudu aliyetaka kuniua," Bibi Ida alimwambia dada wa maabara siku aliyoruhusiwa kutoka wodi ya kipindupindu, mjini Songea.

Dada alicheka, akamsogezea kiti kwenye hadubini.

Ida alifumba jicho moja. Ndani ya duara la mwanga, vijidudu vilivyopinda kama mundu vilikimbia huku na huku.

"Jamani! Mbona wana haraka hivi? Wanakwenda wapi?" Hakutaka hata kuinua kichwa.

Dada akabadilisha kioo. "Na hawa, bibi?"

"Si ni walewale?"

"Wale wa kwanza walitoka tumboni mwako. Hawa tumewaotesha kutoka kwenye maji ya kisima chako. Vipimo vimeonyesha ni aina moja."

Ida aliinua kichwa. Mafuriko yalipovunja mabomba ya maji ya mtaa wao wa Matogoro, yeye ndiye aliyewafungulia majirani geti wachote bure kisimani kwake. Bwana afya alipotaka kutia dawa kisimani, Ida alimfukuza.

Aliangalia saa ya ukutani. Saa kumi na moja jioni. Kule nyumbani, foleni ya ndoo ilikuwa imeshaanza.

"Mwanangu," alisema, "nipe simu yako. Geti lifungwe sasa hivi."