Jicho Ukutani

"Mjomba, njoo uone! Kuna mtu ukutani!"

Zoi alikuwa akipiga deki stoo ya duka la simu la mjomba wake, maji yakarukia ukuta wa nyuma, ule uliobaki wa kanisa la enzi za Bizanti. Lo! Chini ya vumbi vikang'aa vijiwe vya dhahabu na buluu, vikawa uso wa mwanamke. Na ukuta wenyewe ulikuwa ubomolewe mchana huohuo, duka lipanuliwe!

Mjomba Stavro alimaliza kwanza kahawa yake. Alipofika, ukuta ulikuwa umeshayanywa maji yote, umerudi kuwa wa kijivu.

"Yuko wapi huyo mtu?"

"Ngoja nimwage tena."

Akamwaga. Uso ukatokea, ila simu ya mjomba ikaita, akageuka kupokea. Zoi akamvuta shati mpaka akatazama, lakini wapi! Ukuta mkavu.

"Zoi, chuo kimekuharibu. Kila siku una habari mpya."

"Mjomba, tazama nikimwaga, siyo baadaye!"

Akakimbilia bomba. Bomba likakohoa, kimya. Mafundi wa kubomoa walikuwa wameshafunga maji waanze kazi. Fundi akaingia na nyundo begani.

"Dada, tupishe."

"Sipishi!"

Zoi akalamba kidole gumba, akausugua ukuta kwa hasira, akalamba tena, akasugua tena. Jicho moja kubwa, jeusi, likafunguka chini ya kidole chake. Mjomba, simu ingali sikioni, akaliona, akanyoosha mkono kumzuia fundi.

Nyundo ya fundi ilikuwa imeshainuliwa.