Hirizi Mbili za Lokule

Lokule, kipa wetu wa Koboko, alisimama golini na hirizi mbili mkononi. Penalti hii ikiingia, fahali wa zawadi ya ushindi anabaki kwa wapinzani wetu, Onduparaka.

"Kila moja inafanya kazi siku moja, siku ingine inalala," alinipigia kelele. "Nusu na nusu iko moja kamili. Haiingii!"

"Wewe iko mjinga, ndugu. Zote mbili inaweza kulala leo!"

Mpigaji akapiga. Lokule akaruka, akaukosa mpira.

Moja imelala, nikasema moyoni.

Mpira ukagonga mlingoti, ukarudi, ukamtwanga kisogoni, ukapaa juu ya goli.

Tulimrukia wote tukipiga vigelegele. Alikuwa amelala kifudifudi, mchanga mdomoni, macho ameyafumba.

"Imeingia?" akauliza.